Sauti niliyorekodi geto haikai ndani ya biti, inaelea juu. Tatizo ni chumba, maiki au miksi?

#1 Kijana_wa_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Narekodi Bongo Fleva na injili nyumbani, geto la chumba kimoja hapa Uyole, Mbeya. Kuta zimepigwa lipu, sakafu ya sementi, juu jipsamu na bati. Vifaa ni maiki ya kondensa (ile nyeti), intafesi ndogo ya matundu mawili (ya kuingizia sauti kwenye kompyuta), laptopu yenye FL Studio (programu ya muziki) na hedifoni. Biti nyingi napakua mtandaoni, MP3.

Shida iko hivi. Sauti ikiwa peke yake ni safi kabisa. Nikiwasha biti, inasikika imebandikwa juu. Nikiipandisha inapiga kelele, nikiishusha desibeli mbili tu inazama, maneno hayasikiki. Priseti (mipangilio iliyo tayari) nimepitia za kila aina. Naomba kujua chanzo hasa kabla sijauza maiki nikanunua nyingine.

#2 NgojaWaje
Uzi muhimu sana. Nimevuta kiti, wataalamu wapite.

#3 FundiMiksi_Mwanjelwa
Maiki usiuze. Jibu umelitaja mwenyewe: biti umepakua, MP3.

Hiyo biti imeshapigwa masta (hatua ya mwisho ya kuikuza na kuikamilisha). Vilele vyake vyote vimefika sifuri (kikomo cha juu cha dijitali), limita, yaani kibana vilele, imebana kila kitu, na kinanda na gitaa vimejazwa palepale ambapo maneno ya binadamu yanaeleweka, kati ya kilohezi 1 na 4. Prodyuza aliitengeneza ipendeze ikiwa peke yake ili watu wainunue. Wewe unakuja baadaye na sauti yako unatafuta nafasi, nafasi haipo.

Fanya hivi. Kabla hujagusa sauti, shusha biti desibeli 8 hadi 10. Usiogope kuiona ndogo, ukubwa utarudi kwenye masta. Halafu kwenye biti (sio kwenye sauti) kata kidogo kwa upana kuzunguka kilohezi 2.5, desibeli 2 au 3 zinatosha. Ukiwa na ikwalaiza (ya kupandisha au kupunguza masafa) inayofanya kazi pale tu sauti inapoingia, bora zaidi, maana mwimbaji akinyamaza biti inarudi kamili. Lakini dawa yenyewe ni kumwomba mwenye biti akupe vipande: ngoma peke yake, besi peke yake, vinanda peke yake. Hapo ndipo utamiksi kweli. Na ukiwa umeinunua biti kihalali, kuomba vipande ni rahisi zaidi.

#4 DadaSoprano_Kihesa
Kamwene kutoka Iringa. Kaka Fundi, la biti nakubali, ila mdogo wetu amesema kuta za lipu na sakafu ya sementi. Chumba hicho kinaimba pamoja naye. Ukirekodi chumba, hata upewe vipande vya biti vyote, sauti itabaki nje ya wimbo kwa sababu ina ukumbi wake ambao ngoma na kinanda havina.

Mdogo wangu, maiki imekaa wapi chumbani? Na wewe umeangalia wapi ukiimba?

#5 Kijana_wa_Uyole
Asante dada. Maiki iko kama sentimita 60 kutoka ukutani, ukuta wa nyuma yake nimeuwekea sponji. Mimi naangalia huo ukuta. Mgongoni kwangu ni chumba kilichobaki na mlango. Mdomo na maiki vina kama sentimita 30.

#6 DadaSoprano_Kihesa
Ndipo penyewe. Maiki nyingi za kondensa za bei yetu husikia mbele na kuziba nyuma. Sponji umeiweka upande ambao maiki tayari haisikii vizuri, na upande inaosikia kwa nguvu, yaani mbele yake, ni wewe na kila kilicho nyuma ya mgongo wako: ukuta mtupu, mlango, sakafu. Sauti yako inatoka, inagonga kule, inarudi ikipita begani mwako moja kwa moja hadi kwenye maiki.

Nenda mitumba, chukua blanketi nzito au mafarishi, mbili zitoshe. Zitundike NYUMA YAKO na pembeni, ziache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Chini tandika kapeti. Halafu sogea, sentimita 15 hivi, na soksi ndefu nyembamba ya kike ikiwa imevutwa kwenye waya mbele ya maiki kuzuia upepo wa P na B. Kusogea toka 30 hadi 15 kunaongeza sauti yako desibeli kama 6 wakati mwangwi wa chumba unabaki vilevile. Hiyo tofauti hakuna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) inayokupa.

#7 Chifu_Makambako
Mbona mnamzungusha kijana? Trei za mayai ukutani, kazi imekwisha. Studio nyingi za mtaani zimeanzia hapo.

#8 Fizikia_Iyunga
Chifu, kwa heshima, trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Inanyonya kidogo sana, na hicho kidogo ni kwenye masafa ya juu tu. Chini ya hapo sauti inapita kana kwamba trei haipo. Unabaki na chumba kilichofifia juu na kinachovuma chini, na hiyo ndiyo sauti ya "boksi" ambayo watu wanaihangaikia kwenye ikwalaiza.

Tupige hesabu ya geto. Chumba cha mita 3 kwa 3: sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya urefu, unapata hezi 57. Kisha 114, kisha 171, inaendelea. Urefu na upana vikilingana, masafa yaleyale yanarundikana mara mbili. Sauti ya mwanaume wa kawaida noti zake nyingi zinaangukia humohumo, hivyo kila akigusa noti fulani inavimba na jirani yake inanywea. Unapandisha, inavuma. Unashusha, inapotea. Someni tena alichoandika kijana kwenye #1.

Halafu ukuta ulio sentimita 60 kutoka kwenye maiki. Kinachorudi kimesafiri mita 1.2 zaidi, kinachelewa milisekunde 3.5. Kikikutana na sauti halisi kinafuta masafa karibu na hezi 143, halafu 429, halafu 715. Mashimo hayo hayajazwi na ikwalaiza. Kwa hiyo dada, sponji ya mbele nayo ibaki, ila iwe nene. Nyembamba haifiki huko chini.

#9 Kamwene_TZ
Mimi nasema kuna jambo hamligusi. Mbeya iko juu, kama mita 1,700. Hewa nyepesi, sauti inasafiri taratibu. Ndiyo maana kitu kilichorekodiwa Dar kinakuja na uzito na cha huku kinakuja chembamba.

#10 Fizikia_Iyunga
Hapana mkuu. Kasi ya sauti hewani inaendeshwa na joto, sio mwinuko. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, asubuhi ya Juni hapa kwetu, ni kama mita 337 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 25 ni kama 346. Tofauti haifiki asilimia 3, hakuna sikio litakalosema "hii ni ya Uyole, hii ni ya Kariakoo". Baridi inachobadilisha ni koo la mwimbaji.

#11 Binti_Mafinga
Hilo la koo ni kweli tupu. Julai Mafinga saa kumi na mbili asubuhi hata salamu haitoki vizuri. Kunywa maji ya vuguvugu, imba nusu saa bila kurekodi, ndipo ubonyeze kitufe chekundu.

#12 Chifu_Makambako
Mafinga mnaita hiyo baridi? Njooni Makete.

#13 MzeeWaKanda
Vijana, nimesoma tangu juu. Nilikuwa fundi wa redio na kanda za kurekodia, sasa nimestaafu nipo Tukuyu.

Zile nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 60 na 70, mnazisikia mpaka leo. Mwimbaji amekaa katikati ya magitaa na tarumbeta, kila neno unalisikia. Bendi nzima ilikuwa ndani ya chumba kimoja, maiki chache, inapiga kwa pamoja. Tarumbeta ilikuwa inaingia kidogo kwenye maiki ya mwimbaji, na mwimbaji anaingia kidogo kwenye maiki ya gitaa. Wote walikuwa mahali pamoja, na sikio linajua hilo. Halafu waimbaji wale walijua kusogea nyuma wakipaza na kusogea mbele wakinong'ona. Kazi mnayoipa kompresa, ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, wao waliifanya kwa miguu.

Nashangaa mnataka chumba kife kabisa kwa mablanketi. Sauti iliyokufa na biti iliyotengenezwa ndani ya kompyuta vitakaaje pamoja wakati havijawahi kukutana? Acha chumba kidogo, ila kiwe chumba kizuri.

Na jambo jingine. Mwimbaji akiimba wimbo ulio chini ya uwezo wa koo lake, sauti haina nguvu ya kutoka. Biti ya kupakua ina ufunguo aliouchagua mtu mwingine. Jaribu kuihamisha juu nusu au toni moja, usikilize kabla ya kununua chochote.

#14 Kijana_wa_Uyole
Shikamoo mzee wangu. Hilo la ufunguo sikuwa nimelifikiria, biti naichukua kama ilivyo. Nitajaribu kuipandisha.

#15 MzeeWaKanda
Marahaba mwanangu.

#16 FundiMiksi_Mwanjelwa
Mzee nakuheshimu, lakini tarumbeta iliyoingia kwenye maiki ya mwimbaji ni ya wimbo uleule. Kinachoingia kwenye maiki ya kijana wa Uyole ni malori ya Tunduma yanayopandisha barabara kuu. Akate kila kitu chini ya hezi 90 kwenye sauti, mwanzo kabisa wa mnyororo wa plagini. Sauti yake haipotezi kitu, malori yanaondoka. Hasa akisogea sentimita 15 kama dada alivyosema, maana maiki ya aina hiyo ukiikaribia inaongeza besi yenyewe.

Kwenye hezi 250 hadi 400 atafute palipojaa tope, apunguze desibeli 3. Asikate zaidi. Sauti ikinyofolewa kote inabaki mifupa.

#17 Sampuli512
Wote mmeruka kitu kimoja: MUDA. Kijana anasikiliza vipi wakati anarekodi? Kama anajisikia kupitia FL Studio na bafa (kiasi cha sampuli ambazo kompyuta inakusanya kabla ya kuzitoa) iko 512, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni karibu milisekunde 12 njia moja tu, kurudi ni zaidi. Anajisikia amechelewa, anaanza kuvuta au kukimbiza bila kujua. Sauti isiyokaa kwenye mapigo haikai kwenye miksi hata uifanyeje. Weka bafa 128, inashuka hadi kama 3. Au tumia kitufe cha intafesi cha kujisikia moja kwa moja, zima njia ya kompyuta. Halafu vuta sauti iliyokwisha rekodiwa mbele milisekunde 10, rudisha nyuma 10, sikiliza ni wapi inakaa.

#18 DadaSoprano_Kihesa
Sampuli umenena. Kwaya yetu tulikuwa na shida hiyohiyo kwenye sauti ya nne. Tulipozima njia ya kompyuta besi zikatulia zenyewe.

#19 KompresaMbili
Niongezee upande wangu, kwa sababu #1 imesema "nikishusha desibeli mbili inazama". Hiyo kwangu ni lugha ya sauti yenye tofauti kubwa mno kati ya maneno makubwa na madogo. Neno moja linaruka, linalofuata linazama, wewe unahangaika na feda moja (kitelezi cha ukubwa wa sauti) ukidhani utapata kiwango kinachofaa yote. Hakipo.

Usitumie kompresa moja ikabana sana. Tumia mbili zinazobana kidogo. Ya kwanza ya haraka, uwiano 4 kwa 1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde chache, iguse vilele peke yake, ishushe desibeli 3. Ya pili ya taratibu, uwiano 2 au 3 kwa 1, ataki milisekunde 20 hadi 30 ili mwanzo wa neno upite, nayo ishushe 3. Ukibana yote kwa ataki ya haraka unaua konsonanti, na Kiswahili bila K na T zake hakieleweki. Kisha de-esa (ya kupunguza ukali wa S) kati ya kilohezi 5 na 8, maana "sisi", "siku", "sasa" zitakuwa zimepanda.

#20 MzeeWaKanda
Kabla ya hizo mbili, mkono. Pitia wimbo mstari kwa mstari, pandisha neno linalozama, shusha linaloruka. Mashine iletwe kumalizia.

#21 KompresaMbili
Mzee sina la kubisha hapo. Kwenye FL ni kuchora mstari wa otomesheni, yaani wa ukubwa unaobadilika wenyewe, au kubadilisha ukubwa wa kipande chenyewe kabla ya kompresa. Inachosha lakini ndiyo inayosikika.

#22 Kamwene_TZ
Na wale wanaosema rekodi kwa nguvu mpaka taa iguse nyekundu ili sauti iwe nene?

#23 Fizikia_Iyunga
Hiyo ilikuwa ya kanda, ambayo ikizidishwa inalainika. Dijitali ikivuka sifuri inakatika, basi. Rekodi biti 24 (za kompyuta, sio za ngoma), vilele viishie kati ya desibeli -12 na -6. Kelele ya intafesi iko chini sana, hupotezi kitu.

#24 Tukuyu_Mvua
Huku Rungwe mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, na nyumba ni bati. Blanketi haizuii mvua. Tunarekodi kati ya Juni na Oktoba, miezi mingine tunaandika mashairi na kumiksi. Kondensa wakati wa masika hapana. Maiki ya dainamiki (isiyo nyeti sana) kama Shure SM58, iliyotoka 1966 na bado inauzwa, huimbiwa karibu sana, hivyo chumba kibaya inakisamehe. Na kwenye albamu ya Michael Jackson ya 1982, Thriller, sauti nyingi zilipita kwenye Shure SM7, nayo ni dainamiki. Kwa hiyo mimi napingana na wote wanaosema usiuze maiki. Uza kondensa, nunua dainamiki, mwangwi wa geto utapungua siku hiyohiyo.

#25 FundiMiksi_Mwanjelwa
Kuwe na tahadhari: SM7 inahitaji nguvu kubwa ya kuikuza, intafesi ndogo nyingi zinaanza kutoa kelele. SM58 kidogo nafuu. Na chumba cha Bruce Swedien, fundi aliyerekodi Thriller, hakikuwa geto.

#26 Binti_Mafinga
Kuhusu paneli, huku kwetu msitu wa Sao Hill ndio nyumbani kwa misonobari, mabaki ya mbao kwenye viwanda vya kupasulia yanapatikana kirahisi. Fremu ya mita 1.2 kwa 0.6, kina sentimita 10. Ndani mataulo ya mitumba na mablanketi yaliyokunjwa yakabanana, juu kitambaa kinachopitisha pumzi. Jaribu kupuliza, hewa ikipita kitambaa kinafaa. Zisimamishe kwenye kona, ndiko besi inakojikusanya. Ni nzito lakini unaweza kuzihamisha mwenye nyumba akikutoa.

#27 Chifu_Makambako
Binti, umenibadilisha. Trei nawarudishia kuku.

#28 Kijana_wa_Uyole
Wakuu, mrejesho. Nimetundika mablanketi mawili mgongoni, nikasogea karibu na maiki, nikashusha biti desibeli 9, nikakata kwenye 2.5, nikapandisha ufunguo nusu toni, nikajisikiliza kupitia intafesi. Mabadiliko ni makubwa. Maneno yanasikika hata nikishusha. Imebaki hali ya sauti kuwa mbele sana, kavu, haijaungana.

#29 DadaSoprano_Kihesa
Nilisema ni chumba.

#30 FundiMiksi_Mwanjelwa
Dada, ameshusha biti 9.

#31 Sampuli512
Na amezima njia ya kompyuta.

#32 Fizikia_Iyunga
Vitu sita kwa mpigo, sasa kila mtu atadai ni chake. Kijana, ukipata nafasi rudisha kimoja kimoja: toa mablanketi uache mengine, rekodi ubeti uleule. Weka sauti zote zilingane kwa ukubwa kabla ya kulinganisha, kwa sababu iliyo kubwa kidogo husikika nzuri zaidi. Utuambie.

#33 MzeeWaKanda
Mimi nasema ni nusu toni ile.

#34 RiverbuNaDilei
Kuhusu ukavu. Sauti sasa haina chumba, mpe chumba kimoja na vyombo vyako. Usiweke riverbu (mwangwi wa kutengeneza) juu ya sauti yenyewe, weka kwenye njia ya pembeni utume kidogo kidogo. Chagua riverbu ya aina ya pleti, fupi, chini ya sekunde moja na nusu, ichelewe kuanza milisekunde 20 hadi 40 ili neno litoke kwanza kabla ya ukungu. Kwenye riverbu yenyewe kata chini ya hezi 300 na juu ya kilohezi 6. Halafu tuma kinanda au snea (ile ngoma yenye mlio mkali) ya biti kwenye riverbu hiyohiyo, kiasi kidogo tu. Hapo ndipo mzee alipokuwa anasema: wamekutana chumba kimoja.

Dilei (sauti inayojirudia baada ya muda): 60,000 gawanya kwa mapigo ya dakika. Biti ya 100 ni milisekunde 600 kwa pigo, 300 kwa nusu. Iweke chini mpaka usiisikie, ila ukiizima ugundue kuna kitu kimeondoka.

#35 Kamwene_TZ
Nyimbo nyingi za sasa hazina riverbu kabisa, sauti iko kavu mbele ya uso. Mbona zinakaa?

#36 RiverbuNaDilei
Nyingi zina mwangwi mfupi sana na sauti zilizorudiwa kushoto na kulia. Kijana aimbe kiitikio mara mbili zaidi, kweli aimbe, sio kunakili, azipeleke pembeni chini ya ile ya katikati.

#37 KompresaMbili
Zinakaa kwa sababu ya kompresa.

#38 SpikaMoja_Soweto
Na msikilize kwa sauti ndogo jamani. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kuwa kwa sauti ndogo sikio linapoteza besi na masafa ya juu kabisa, linabaki limeshika masafa ya kati. Ukishusha mpaka uweze kuongea na mtu bila kupaza, na bado unasikia kila neno na snea, mko sawa. Kisha simu, kisha spika ya bajaji. Hedifoni peke yake inadanganya kuhusu mwangwi.

#39 Mvumo50
Kama kuna "mmm" chini ya sauti yako kijana, hiyo ni hezi 50 ya umeme na ndugu zake 100 na 150. Chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi, tumia betri. Ikipotea, tatizo linaweza kuwa chaja yenyewe au waya wa ardhini wa nyumba.

#40 Binti_Mafinga
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Dada Soprano umetaja kwaya. Sisi tuko ishirini na kitu, kanisa kubwa lina mwangwi mrefu, tuna maiki mbili tu na tunataka kuweka kwaya juu ya kinanda kilichorekodiwa. Tufanyeje isielee?

#41 DadaSoprano_Kihesa
Mdogo wangu, msirekodi juu ya kinanda kilichokwisha, kama kuna namna mpigaji apige pale pale. Ikishindikana, mwongozaji peke yake avae hedifoni, kwaya imfuate mkono, ili kinanda kisivuje kwenye maiki. Simameni nusu duara. Maiki mbili ziweke pamoja katikati, vichwa vikikaribiana vikiangalia kushoto na kulia kwa nyuzi 90, juu kidogo ya vichwa vya waimbaji, mita moja na nusu hadi mbili mbele yao. Kanisa likiwa na mwangwi mwingi sogeeni karibu, msisogeze waimbaji mbali. Wenye sauti kali wakae nyuma. Mje siku ya katikati ya wiki, madirisha yafungwe, na mapazia ya madhabahu msiyatoe.

#42 MzeeWaKanda
Na soprano wasiwe wote upande mmoja. Wachanganye na alto, maiki mbili zitasema ukweli wote.

#43 Binti_Mafinga
Asanteni. Mpigaji wetu anasema atakuja na kinanda chake cha mkono kama kuna umeme Jumatano. Je, spika ya kinanda tuielekeze kwa waimbaji au tuiweke nyuma ya maiki?